Sauti ya Asubuhi

Ukiuliza habari za Gesare katika soko la Migori, kabla hujaelekezwa kwenye kibanda chake cha ndizi utasimuliwa kwanza kuhusu sauti yake. Alizaliwa upande wa Kisii, akaolewa na Omosa, fundi wa mashine za kusaga mahindi, wakahamia Migori wakiwa bado vijana. Mume alizunguka na mfuko wake wa spana, mke akashusha ndizi kutoka kwenye malori ya alfajiri. Siku ya Sabato walivaa nguo safi wakaenda kanisani, na huko ndiko Gesare alikofahamika na watu wengi wasiowahi kununua ndizi kwake.

Aliimba sauti ya kwanza. Alipopanda noti za juu hakukaza shingo wala kukunja uso. Sauti ilikwea yenyewe, na wazee waliokuwa wakisinzia wakafungua macho. Kando yake alisimama Eucabeth, fundi wa cherehani, aliyeimba sauti ya pili. Walisimama hivyo, bega kwa bega, tangu binti wa Gesare, Damaris, alipokuwa akibebwa mgongoni, na sasa Damaris alikuwa mwalimu huko Eldoret.

Ugonjwa ulianzia kwenye jicho la kushoto. Kila ilipofika alasiri kope lake lilishuka, na wateja wakawa wanamtania. "Mama Damaris, unatuuzia ndizi ukiwa umelala?" Alicheka nao. Baadaye akaanza kuona vitu viwiliviwili. Siku moja aliinua kisu akate chane moja kwenye mkungu, kisu kikapita hewani, maana ile chane aliyoilenga haikuwepo. Akaweka kisu chini, akajifanya anatafuta kitu kwenye mfuko wa aproni.

Kisha kula kukawa kazi. Nyama aliianza vizuri, lakini kabla sahani haijaisha taya lilikuwa limechoka, akawa anashikilia kidevu kwa kiganja ili kifunge. Omosa alimwona.

"Ni jino?" aliuliza.

"Labda ni jino," alijibu Gesare, ingawa hakuna jino lililomuuma. Hakuumwa mahali popote. Hilo ndilo lililomchanganya: hakuwa na maumivu ya kumwonyesha mtu.

Mazoezi ya kwaya yalikuwa Jumatano jioni, baada ya soko. Jumatano moja aliongoza wimbo kama kawaida. Ubeti wa kwanza ulitoka safi. Ubeti wa pili sauti ikaanza kupitia puani, kama ya mtu mwenye mafua. Kufikia wa tatu, maneno yalikuwa yanateleza ulimini, herufi zikishikana. Kwaya ikanyamaza. Eucabeth alimtazama kwa pembe ya jicho, kisha akatazama sakafu. Jumatano iliyofuata ikawa vivyo hivyo, na iliyofuata pia, na safari hii alijikwaa mlangoni akitoka.

Katika kanisa lao hakuna anayetakiwa kugusa pombe. Mtu mwenye macho mazito, ulimi mzito na miguu isiyokaa sawa jioni, watu humfikiria jambo moja tu.

Mzee wa kanisa, Obare, mwalimu mstaafu, alipita nyumbani kwao akitoka shambani. Aliheshimika kwa upole wake. Alikaa kwenye kiti, akaikataa chai, na Gesare akajua hakuja kwa matembezi.

"Nyamera," alianza, kwa lile neno la Kiluo analomwita kila dada kanisani, "nimekuja kama ndugu. Kuna maneno yanasemwa."

"Maneno gani, mzee?"

"Wanasema ukija mazoezini unakuwa umekunywa kitu."

Gesare alifungua mdomo amwambie kwamba pombe hajaionja tangu azaliwe, kwamba baba yake aliharibiwa nayo na yeye aliapa akiwa msichana. Ilikuwa jioni. Alikuwa amewaita wateja tangu asubuhi, na ulimi wake ulikuwa umekwisha. Maneno ya kwanza yalitoka, yaliyofuata yakavurugika. Kadiri alivyojitahidi kueleza ndivyo alivyozidi kusikika kama mlevi. Kope zote mbili zilishuka. Akazishikilia kwa vidole ili amtazame mzee usoni, na hilo nalo likaonekana vibaya.

Obare alimsikiliza kwa huzuni ya kweli. "Pumzika kwaya kwanza," alisema. "Tutakuombea."

Omosa alipoingia alimkuta mkewe amekaa palepale, mikono mapajani. Alimuuliza kumetokea nini. Hakuweza kumwambia mpaka asubuhi, ulimi uliporudi.

Tangu siku hiyo alikaa benchi la nyuma. Watu walimsalimu, lakini walisogea karibu kidogo kuliko zamani, wakinusa. Kwaya iliposimama mbele, aliiona nafasi yake imeachwa wazi kwa Sabato chache, kisha ikazibwa na msichana anayeitwa Mellen, mwenye sauti nzuri. Gesare aliinamisha kichwa. Alikuwa akiujua kila wimbo, mahali pa kuvuta pumzi, mahali ambapo sauti ya pili huisubiri ya kwanza ishuke. Kifua kilipanda chenyewe kwa mazoea, na yeye akakishusha.

Adhabu kubwa zaidi ilikuwa sokoni. Miaka michache nyuma kwaya ilirekodi nyimbo, na Gisiri, Mkuria aliyeuza chaja na spika mkabala na kibanda chake, alizipenda. Kila alasiri alizipiga kwa nguvu kuvutia wateja. Gesare akawa anakaa pale, jicho limeshuka, akisikiliza sauti yake mwenyewe ikipanda bila yeye. Mwanzoni aliona kama ni dhihaka. Siku moja alivuka njia.

"Gisiri, ndugu yangu, hizo za kwaya zipumzishe."

"Kwani zimekukosea nini, mama? Hiyo ni sauti yako."

"Ndiyo sababu."

Gisiri alimtazama, akazima, na hakuuliza tena. Lakini kunyamaza nako kulikuwa kuzito. Baada ya siku chache alirudi mwenyewe kumwomba azipige, kwa sauti ya chini, tena asiwaambie watu.

Kitu kimoja hakumwambia mtu. Asubuhi sauti ilikuwepo. Alipoamka macho yalifunguka, taya lilikaza, na kwa muda mfupi, akiwasha jiko nyuma ya nyumba, aliweza kuimba. Aliimba chini kwa chini, ubeti mmoja, mara nyingine na nusu ya wa pili, mpaka ilipoanza kumtoroka. Alikuwa akiamka mapema zaidi ili aipate. Upande wa pili wa ukuta wa mabati Omosa alikaa kitandani, viatu mkononi, akisikiliza, na alivaa viatu hivyo tu pale mkewe aliponyamaza.

Walitafuta matibabu. Tabibu wa kwanza alisema ni macho, akampa miwani. Wa pili akasema ni kiharusi kidogo. Shemeji mmoja alisema amelogwa na wenye wivu wa sauti, na kwa jioni moja Gesare alikaribia kuamini, maana angalau uchawi ulikuwa na jibu. Mwishowe, kwenye kliniki ndogo mjini, alipimwa akaambiwa ana taifodi, akaandikiwa dawa kali ya kuua vijidudu.

Dawa hiyo ndiyo nusura immalize. Kabla hajamaliza dozi, hata asubuhi ilianza kumpotea. Uji aliokunywa ulirudi puani. Shingo ilishindwa kubeba kichwa. Akilala chali alihisi kama mtu amemkalia kifuani. Omosa alimpigia simu Priscah, mdogo wake Gesare, anayeuza samaki Homa Bay.

"Shemeji, mlete huku leo," alisema Priscah. "Kuna daktari wa kike hapa hospitalini, huwa anasikiliza watu. Usingoje kesho."

Jirani aliwabeba kwa gari lake. Njia nzima, kupitia Rongo, Omosa alimshikilia mkewe kichwa kwa mikono yote miwili kama mtu aliyebeba chungu kilichojaa maji.

Daktari Valentine alikuwa mwanamke mfupi, mwenye haraka ya miguu na asiye na haraka ya maneno. Kwanza alimwekea oksijeni karibu, akampa kifaa cha kupuliza ili aone pumzi zake zina nguvu kiasi gani, akamwagiza nesi ampime nacho tena na tena. Gari la kumpeleka Kisumu liliambiwa likae tayari. Ndipo akavuta kiti.

"Mama, ukiamka asubuhi, unakuwaje?"

Gesare alimkazia macho. Katika kuzunguka kote, hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo. "Afadhali," alisema. "Asubuhi mimi ni mzima."

"Na jioni?"

"Jioni mimi ni mtu mwingine."

Daktari alimwambia atazame dari bila kupepesa. Walisubiri. Polepole kope zikaanza kushuka, la kushoto likitangulia, kama pazia linaloteremshwa. Akamgonga magoti kwa kinyundo, akamgusa vidole kwa pamba kuona kama anahisi. Alihisi kila kitu.

"Uligunduaje mara ya kwanza kwamba kuna shida?"

"Kuimba," alijibu Omosa kwa niaba yake. "Mke wangu ni mwimbaji."

"Basi apumzike kidogo, halafu aniimbie."

Gesare alifikiri anatania. Lakini daktari alikuwa ameinamisha kichwa, anangoja. Alipumzika, akafunga macho, akaanza. Mistari miwili ya mwanzo ilikuwa dhaifu lakini ilikuwa yake, na nesi aliyekuwa mlangoni akageuka. Kisha sauti ikahamia puani. Kisha maneno yakalainika, yakakatika, ikabaki pumzi tu. Machozi yalimtoka, na hakuweza hata kukunja uso kulia, maana misuli ya uso nayo ilikuwa imechoka.

"Samahani, mama," alisema daktari. "Nimesikia nilichotaka kusikia. Sasa nataka barafu."

Friji ya wodi haikuwa na barafu. Priscah akatoka mbio hadi sokoni kwake, akarudi na mfuko wa barafu iliyopondwa, ile wanayofunikia mbuta, ikinuka samaki. Daktari aliijaza kwenye glovu ya mpira, akaifunga, akaiweka juu ya jicho la kushoto lililofungwa. Alipoiondoa alisema, "Fungua."

Jicho lilifunguka. Lilifunguka lote, likiwa limelowa na jekundu kwa baridi, huku la kulia likiwa bado nusu.

"Yesu wangu," alisema Priscah, akakaa chini sakafuni.

Daktari Valentine aliwaeleza. Mshipa wa fahamu hutuma ujumbe kwa msuli, na msuli una milango yake ya kuupokea. Kinga ya mwili, ile inayopigana na vijidudu, ilikuwa imepotea njia ikaanza kuiziba milango hiyo. Mtu akipumzika, ujumbe hupita kwenye milango iliyobaki. Akitumia msuli sana, ujumbe unazidi kupungua mpaka msuli unalegea. Baridi huusaidia kwa muda, ndiyo maana jicho likafunguka. Ugonjwa unaitwa miastenia. Na zipo dawa za kawaida kabisa zinazouchochea, ikiwemo ile aliyopewa ya taifodi.

"Kwa hiyo sijalogwa," alisema Gesare kwa shida.

"Hujalogwa."

"Wala si pombe."

Daktari alishangaa. "Nani alisema ni pombe?"

Omosa alimvutia mkewe shuka mpaka kifuani.

Walimpa nusu kidonge cha kuusaidia ujumbe upite, kisha wakakaa kando ya kitanda. Haikupita saa moja Gesare akaomba uji, akaumeza. Daktari alikuja akaangalia pumzi zake, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda kwa wagonjwa wengine. Omosa akasogea.

"Sema kitu," alimwambia mkewe.

"Niseme nini?"

"Chochote."

"Viatu vyako ni vichafu," alisema Gesare, herufi zote zikiwa mahali pake. Omosa akafunika uso kwa kofia.

Mambo hayakunyooka kwa siku moja. Alilazwa, akaongezewa dawa ya kutuliza kinga, iliyomvimbisha uso mpaka Damaris alipokuja kutoka Eldoret akasita mlangoni. Baadaye alipelekwa Kisumu, wakambandika vifaa mkononi, wakampitishia vishtuo vidogo vya umeme kupima jinsi ujumbe unavyofika, na mashine ikaonyesha kile ambacho wimbo ulikuwa umeonyesha. Wakapiga picha ya kifua kuangalia tezi ya kinga iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Haikuwa na uvimbe. Alifundishwa kupumzika kabla ya kuchoka, na kumwambia kila tabibu jina la ugonjwa wake kabla hajaandikiwa dawa yoyote. Daktari hakumdanganya. Kidonge hufungua mlango kwa saa chache, alisema, kisha mlango unaanza kujifunga tena.

"Na sauti?" aliuliza Gesare.

"Ya kuongea itakuwepo. Ya kuimba sijui, mama. Wengine huipata yote. Wengine kidogo."

Omosa, mtu wa maneno machache, alirudi Migori akaenda moja kwa moja nyumbani kwa mzee Obare. Alichosema huko hajawahi kukisimulia. Lakini Gesare aliporudi kibandani, Obare alikuja, tena asubuhi, akiwa ameshika kofia.

"Nyamera, nilikuhukumu."

"Mzee, ulinijua miaka mingi," alisema Gesare. "Ungeniuliza mara ya pili, ukaja asubuhi, ningekujibu."

"Ni kweli."

"Sikukasirika kwa kuwa uliuliza. Nimekasirika kwa kuwa sikuweza kujibu." Akamfungia ndizi mbivu, akakataa pesa zake, na Obare akaondoka akizishika kama mtu aliyepewa mzigo. Sabato hiyo alisimama mbele ya kanisa akaeleza alivyokosea, bila kuficha kitu.

Kwa Eucabeth ilikuwa vigumu zaidi. Hakuja na mzee. Alikuja peke yake baada ya wiki kadhaa, akasimama pembeni mwa mikungu kana kwamba anachagua ndizi.

"Wewe ulisimama karibu nami kuliko watu wote," Gesare alimwambia. "Ulinusa pombe?"

"Sikunusa."

"Ulijua sijanywa."

"Nilijua." Eucabeth aliminya ndizi mpaka ganda likapasuka. "Mama yangu alianza kuongea hivyo, mwaka aliofariki. Nilipokusikia niliogopa. Niliona heri wafikiri umelewa. Mlevi huacha pombe, akapona."

Gesare alimwondolea ndizi iliyopasuka mkononi, akaimenya, wakaila wawili, kila mtu nusu yake. Yeye alitafuna polepole.

Baada ya hapo Eucabeth alianza kupita nyumbani kwao kabla ya soko, jua likiwa changa. Walikaa nyuma ya nyumba, mmoja kwenye kigoda, mwingine kwenye ndoo iliyofunikwa, wakaimba kwa muda ambao sauti iliruhusu. Hawakupanga. Siku nyingine ilikuwa wimbo mzima wa polepole, siku nyingine mistari michache, na Gesare alipoinua mkono waliacha, wakanywa chai. Noti za juu kabisa hazikurudi. Alizitafuta kila siku. Alifika chini yake, akazisikia kichwani zilivyokuwa, akashuka. Eucabeth aliona, akashuka pamoja naye.

Agosti ilipofika, makambi, ile mikutano ya kanisa ya kila mwaka, yalifanyika kwenye uwanja wa shule. Kwaya ilipangiwa kuimba alasiri, wakati mbaya kwa Gesare. Eucabeth alikwenda kwa mwalimu wa kwaya, akabishana naye mpaka wakahamishiwa ibada ya asubuhi. Mellen mwenyewe ndiye aliyebeba kiti kutoka darasani, akakiweka mahali pa sauti ya kwanza, akasogea hatua moja pembeni.

Gesare alimeza kidonge baada ya kifungua kinywa. Alikaa hema lilipokuwa likijaa, akipumzisha hata maneno; watu walimsalimu, naye akawajibu kwa kuinamisha kichwa. Kwaya ilipoinuka, naye akainuka, mkono ukiwa juu ya mgongo wa kiti.

Ubeti wa kwanza aliuimba wote. Ulikuwa mwembamba kuliko zamani, na mahali pa kupanda alimwachia Mellen apande, lakini kila neno lilisikika hadi kwenye turubai la mwisho, ambako Omosa alikuwa amesimama kwa kuwa hakutaka kukaa. Ubeti wa pili ulipoanza, alihisi kaakaa linalegea, kile kitu anachokijua. Angeweza kulazimisha, lakini akaamua asilazimishe. Akafunga mdomo, akakaa. Wimbo ukaendelea juu ya kichwa chake, Mellen kushoto, Eucabeth kulia, na yeye katikati, akivuta pumzi kila walipovuta wao. Alikuwa hajawahi kusikiliza kwaya akiwa ndani yake. Kilikuwa kitu kizuri, na kilimuuma.

Ibada ilipokwisha watu walimzunguka, wengine wakilia. Walipotawanyika alibaki na Eucabeth, wakikunja mashuka ya meza ya mbele.

"Umeimba," alisema Eucabeth.

"Ubeti mmoja."

"Watu wamelia."

"Nimewaona." Gesare alilinganisha pembe za shuka, akalipiga kofi likae sawa. Kope la kushoto lilikuwa limeanza kushuka. "Lakini nautaka na wa pili, Eucabeth. Nautaka sana."

Eucabeth alipokea shuka, akaliweka juu ya mengine. Nje, wanawake wa jikoni walikuwa wakiita watu waje wachukue sahani kabla foleni haijawa ndefu, na wawili hao wakaenda, polepole, kwa mwendo wa Gesare.